Magari 3,000 kwa siku: historia ya namba iliyogombaniwa Serengeti

Mwaka 2010 kuna namba moja iliyotajwa sana kila palipozungumziwa barabara ya Serengeti: magari 3,000 kwa siku. Ilitokana na upembuzi yakinifu wa barabara kuu iliyopangwa kuunganisha Musoma na Arusha kwa kupitia Mugumu, kukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kutokea Loliondo. Makadirio yalisema kufikia 2015 yangepita magari 800 kwa siku, mengi yakiwa malori, na kufikia 2035 yangepita 3,000. Kipande cha ndani ya hifadhi kilikuwa kama kilometa 53 tu.

Kwa mtu wa Mugumu, namba hiyo ilikuwa habari njema. Hatimaye mahindi yatafika sokoni bila lori kulala njiani siku mbili. Kwa watafiti wa wanyamapori ilikuwa msiba. Kwa mhandisi wa barabara, na hapa ndipo wengi hushangaa, ilikuwa namba ndogo. Kwa mujibu wa vitabu vya fani yake, barabara ya kawaida ya lami yenye njia mbili inaweza kupitisha magari kama hayo ndani ya saa moja.

Sasa, inakuwaje namba ileile iwe neema, msiba na kitu kidogo kwa wakati mmoja? Jibu halipatikani kwa kuuliza nani alikuwa mkweli na nani mwongo. Linapatikana tukifuatilia wahandisi walijifunzaje kukadiria uwezo wa barabara, walijifunzia wapi, na walisahau kuhesabu nini.

Kamera kando ya barabara

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mhandisi Mmarekani Bruce Greenshields alipeleka kamera ya sinema kando ya barabara za jimbo la Ohio. Alipiga picha kwa vipindi vinavyolingana, kisha akapima kila gari limesogea kiasi gani kati ya picha moja na nyingine. Kwa njia hiyo alipata vitu viwili kwa mpigo: mwendo wa magari na msongamano wake, yaani ni magari mangapi yamo kwenye urefu fulani wa barabara. Utafiti wake uliotoka 1935 ulionyesha kwamba kadiri magari yanavyosongamana ndivyo mwendo unavyopungua, na kwenye grafu yake uhusiano huo ulikuwa mstari ulionyooka.

Ukizidisha mwendo kwa msongamano unapata idadi ya magari yanayopita kwa saa. Barabara ikiwa tupu, mwendo ni mkubwa lakini hakuna wa kupita. Ikijaa kabisa, magari ni tele lakini yamesimama. Katikati ya hali hizo mbili kuna kilele, na kilele hicho ndicho wahandisi wanakiita uwezo wa barabara. Hebu fikiria watu wanaotoka uwanjani mpira ukiisha. Wakija mmoja mmoja, lango halifanyi kazi yoyote ya maana. Wakija wote kwa kusukumana, linaziba. Kuna kiasi cha katikati ambacho lango linatoa watu wengi kuliko wakati mwingine wowote.

Mwaka 1950 Marekani ilichapisha mwongozo wake wa kwanza wa uwezo wa barabara. Kwa barabara ya vijijini yenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, mwongozo ulisema kilele ni magari madogo 2,000 kwa saa, pande zote mbili kwa pamoja. Toleo la 1985 likasema 2,800. Toleo la 2000 likasema 3,200. Angalia vizuri: ni barabara ya aina ileile, ya njia mbili zilezile. Walichobadilika ni madereva na magari, pamoja na namna ya kupima. Kwa maneno mengine, uwezo wa barabara hauko kwenye lami peke yake. Uko pia kwenye tabia ya watu wanaoitumia, na hiyo hubadilika kutoka nchi hadi nchi na kizazi hadi kizazi.

Namba hizo ni za magari madogo kwenye barabara tambarare, hali ya hewa nzuri. Lori lenyewe huhesabiwa kama magari madogo kadhaa. Yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya fuso lililojaa mzigo likipanda milima ya Tarime anaelewa kwa nini: fuso linatambaa, nyuma yake unatengenezeka mkia wa magari, na kulipita lazima usubiri upande wa pili uwe mtupu.

Hebu tujaribu kwa 3,000 yetu. Barabara za vijijini mara nyingi hupangwa kwa kudhani kwamba saa yenye magari mengi hubeba kama asilimia 15 ya magari ya siku nzima. Asilimia 15 ya 3,000 ni 450. Tuseme yote ni malori na kila lori tulihesabu kama magari madogo matatu: tunapata 1,350 kwa saa. Bado hatujafika nusu ya 3,200. Kwa hesabu ya kilele, barabara ya Serengeti ingekuwa na nafasi tele hata mwaka 2035.

Swali linabadilika likifika Kenya

Ndiyo maana hesabu ya kilele haikusaidia sana ilipohamishiwa nchi zinazoendelea. Barabara nyingi za vijijini huku kwetu hazikaribii kabisa kujaa. Tatizo lake ni tope, mashimo, daraja lililochukuliwa na maji, na fedha za kutengeneza zote hizo hazitoshi.

Kati ya 1971 na 1974, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ilishirikiana na serikali ya Kenya na Benki ya Dunia kufanya utafiti mkubwa kwenye barabara za Kenya za lami na zisizo na lami. Walipima mwendo wa magari kwenye miinuko na kona, mafuta yanayotumika, matairi na vipuri, na jinsi barabara inavyoharibika. Matokeo yalitoka 1975, na yakaingizwa kwenye programu ya kompyuta ya kukadiria gharama za barabara. Ukoo wa programu hizo ukaendelea mpaka HDM-III ya Benki ya Dunia mwaka 1987 na HDM-4 mwaka 2000, ambayo imetumika kupima miradi ya barabara katika nchi nyingi, yetu ikiwemo.

Hapo swali lilikuwa limebadilika. Ohio waliuliza: magari yatatosha kwenye barabara? Kenya waliuliza: magari yanatosha kuhalalisha barabara? Programu inalinganisha fedha za kuweka lami na fedha ambazo wenye magari wataokoa kwenye mafuta, matairi na muda. Magari yakiwa machache, akiba ni ndogo na lami inashindwa. Yakiwa mengi, lami inashinda. Kwa hiyo hesabu ya magari kwa siku ikawa mlango. Wilaya isiyo na namba ya kutosha inabaki nje.

Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi zikaandika miongozo yao wenyewe. Wa Indonesia wa mwaka 1997 ulihesabu kitu ambacho vitabu vya Marekani havikukipa uzito huo kwenye barabara za nje ya miji: misuguano ya kando, yaani watu wanaotembea pembeni, magari yanayosimama kushusha abiria, vyombo vya mwendo wa polepole vinavyoingia na kutoka barabarani. India ilitoa wa kwake 2017. Wote waligundua jambo lilelile, kwamba barabara inayopita kijijini ni kijiji pia.

Karani, daftari na sotoka

Namba ya magari hupatikanaje? Anakaa karani kando ya barabara na fomu yenye safu: gari dogo, pikapu, basi, lori la ekseli mbili, na kuendelea. Mwongozo wa TRL wa mwaka 1993, uliotumika sana katika nchi za joto, unashauri kuhesabu siku saba mfululizo, baadhi ya siku saa 24 kamili na nyingine saa 16. Unaonya pia kuepuka sikukuu na siku za mishahara, na kurudia hesabu pale ambapo msimu kama wa mavuno unabadilisha mambo.

Kwa Serengeti na Tarime onyo hilo lina uzito. Siku ya mnada wa ng'ombe na siku inayofuata ni kama barabara mbili tofauti. Hesabu ya baada ya mvua kubwa inaweza kukupa magari machache na ukadhani watu hawana safari, kumbe safari wanazo, ila wamekwama nyumbani.

Mwongozo huohuo unagawa magari ya baadaye katika makundi matatu. Kuna ya kawaida, ambayo yangeongezeka hata barabara isipotengenezwa. Kuna yanayohamia kutoka njia nyingine. Na kuna yanayozaliwa na barabara yenyewe, yaani safari ambazo zisingekuwepo kabisa. Kundi la kwanza unaweza kulihesabu. La pili unaweza kulikisia kwa kulinganisha njia. La tatu halijazaliwa, kwa hiyo hakuna karani anayeweza kuliona.

Kuna mfano mzuri wa tatizo hili, na uko Serengeti kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 250,000. Ukichukua namba hiyo ukachora mstari wa ongezeko la kawaida, usingepata kilichotokea: kufikia 1977 walikuwa kama milioni 1.3. Sababu kubwa ilikuwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki karibu na 1890, ukaua ng'ombe na wanyama pori, na kwa miongo mingi uliendelea kuua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye mvua za kiangazi zikasaidia, na idadi ikapaa.

Kwa hiyo hesabu ya 1961 ilipima nyumbu waliokuwa chini ya kizuizi, na kizuizi kilipoondoka namba ya zamani haikutabiri kitu. Tope la Mugumu ni sotoka ya magari. Ukihesabu magari kwenye barabara mbovu unapima ubovu wa barabara, halafu unautumia ubovu huo kuamua kama barabara itengenezwe.

Kutoka 800 mpaka 3,000

Ukiondoa yanayozaliwa na yanayohamia, kazi inayobaki ni kuchagua kiwango cha ongezeko kwa mwaka. Chukua kikokotoo. Ili magari 800 ya 2015 yawe 3,000 mwaka 2035, yanatakiwa kuongezeka kwa karibu asilimia 6.8 kila mwaka kwa miaka 20. Ukiweka asilimia 5 unapata kama 2,120. Ukiweka asilimia 8 unapata kama 3,730. Tofauti ya asilimia tatu, ambayo mtu mwenye busara anaweza kuitetea upande wowote, inaleta tofauti ya magari 1,600 kwa siku.

Simaanishi kwamba makadirio yale yalikuwa ya uongo. Namaanisha kwamba 3,000 haikuwa kitu kilichoonekana na mtu. Ilikuwa ni namba ya kuanzia ikifuatwa na dhana ya ukuaji, vyote viwili vikiwa juu ya barabara ambayo haikuwepo. Ilipoingia kwenye mjadala, dhana ziliachwa nyuma na namba ikaendelea peke yake.

Uwezo wa kuvuka

Septemba 2010, wanasayansi 27 walichapisha kwenye jarida la Nature maoni ya kupinga barabara hiyo. Hoja yao haikuwa kwamba magari hayatatosha. Hoja ilikuwa kwamba nyumbu hawatavuka. Makundi huenda kaskazini kutafuta maji ya Mto Mara wakati wa kiangazi, na barabara ingelala katikati ya njia yao. Utafiti wa kompyuta uliotoka 2011 ulikadiria kwamba iwapo barabara ingekuwa kizuizi kamili, nyumbu wangeweza kupungua kwa kama asilimia 35.

Hapa ndipo vitabu vya uwezo wa barabara vinaonyesha walichosahau. Vinapima uwezo wa kwenda kwa urefu, kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho. Lakini kila barabara ina uwezo wa pili, ule wa kuvukwa. Na hisabati yake ipo tangu zamani: mwaka 1936 mhandisi Mwingereza W. F. Adams alionyesha kwamba pale magari yasipobanana, yanapita kwa bahati nasibu, na hivyo unaweza kukokotoa uwezekano wa kupata mwanya wa kutosha kuvuka.

Tukitumia njia yake tunapata hivi. Magari 3,000 kwa siku ni gari moja kila sekunde 29 kwa wastani. Magari 800 ni moja kila sekunde 108. Sasa chukua wavukaji watatu. Muda wa kila mmoja nimeukisia mwenyewe:

Mwanafunzi anayehitaji sekunde 7: kwa magari 800, mianya 94 kati ya 100 inamtosha. Kwa magari 3,000, ni 78.

Mchungaji na ng'ombe wake, wanaohitaji dakika moja: kwa magari 800, mianya 57 kati ya 100. Kwa magari 3,000, ni 12.

Msururu wa nyumbu unaohitaji dakika tano: kwa magari 800, mianya 6 kati ya 100. Kwa magari 3,000, ni chini ya mmoja kati ya 20,000.

Na hapo magari yametawanywa sawasawa kwa saa 24. Yakilazimishwa kupita mchana tu, wastani unashuka hadi gari moja kila sekunde 14, na hali ya wavukaji wote watatu inakuwa mbaya zaidi.

Basi fumbo letu la mwanzo limefunguka. Kwa urefu, barabara yenye magari 3,000 kwa siku ni tupu. Kwa upana, ni ukuta.

Kilichoamuliwa

Juni 2011 serikali iliieleza Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe chini ya usimamizi wa TANAPA, na kwamba hata vipande vya jirani na mpaka wa hifadhi havitawekwa lami. Wakati huo shirika la kutetea wanyama, African Network for Animal Welfare la Nairobi, lilikuwa limeshafungua kesi kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ilitoa zuio la kudumu dhidi ya mpango wa kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi, huku ikiiachia serikali haki ya kubuni mipango mingine isiyodhuru mfumo wa ikolojia.

Kihandisi, uamuzi wa kuacha changarawe ni uamuzi wa kupunguza uwezo kwa makusudi. Changarawe inapunguza mwendo, inafukuza malori ya masafa marefu, na inazuia lile kundi la tatu lisizaliwe. Kwa nyumbu, hiyo ni chanjo. Kwa mkulima wa Mugumu anayetaka kuuza mashariki, au mgonjwa anayetaka kufika mbali kwa haraka, tope la upande ule limekuwa sera. Wote wawili walikuwa na haki kwenye mjadala ule. Lakini nyumbu walikuwa na watafiti wenye modeli ya kompyuta, na mkulima alikuwa na hesabu ya magari iliyofanywa kwenye barabara mbovu.

Njia ya upande wa magharibi na kaskazini haina mgogoro huo. Barabara ya Tarime kwenda Nyamongo hadi Mugumu, karibu kilometa 87, haikatizi hifadhi, na lami yake imekuwa ikijengwa kwa vipande. Hakuna makundi ya nyumbu ya kuilinda. Ila kuna ng'ombe wa Wakurya wanaovuka kwenda majini asubuhi na kurudi jioni, kuna bodaboda zinazokatisha bila kuangalia, kuna watoto wa shule pande zote, na kuna malori yanayohudumia mgodi wa dhahabu wa North Mara. Fomu ya karani itahesabu malori na bodaboda zinazopita. Haina safu ya wanaovuka.

Kuongeza safu hiyo hakuhitaji mtambo wala msaada wa nje. Karani yuleyule, siku zilezile saba, aandike pia ni watu wangapi na mifugo mingapi imevuka mbele yake, saa ngapi, na ilisubiri muda gani. Kisha aulizwe mwenye duka jirani ni safari zipi watu wameshindwa kwenda tangu mvua zianze. Karatasi mbili za ziada. Mwaka 2010 kilometa 53 za hifadhi zilipata watetezi dunia nzima kwa sababu kuna watu waliokuwa wamehesabu wavukaji wake kwa miaka 50. Kilometa 87 za Tarime–Mugumu zinastahili angalau wiki moja.